Umeme Ulipokatika Kasulu

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari ya kompyuta iliyogoma.

Mjini Kasulu kulikuwa na msichana wa kidato cha pili. Nyumbani kwao mlikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani inayotumia Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi Kibondo, akampa konda wa basi flashi yenye faili moja tu: GCompris, programu ya michezo ya kujifunzia hesabu na kusoma, kwa ajili ya wadogo zao.

Msichana akaandika sudo dpkg -i na jina la faili. Kompyuta ikamjibu kwamba gcompris-qt inategemea gcompris-qt-data, na hiyo ya pili haimo.

Mnashangaa? Programu ya Linux mara nyingi haisafiri na mizigo yake yote. Yenyewe imo kwenye kifurushi kimoja, picha na sauti zake kwenye kingine, na maktaba za kuchorea dirisha kwenye vingine, ambavyo programu nyingi huvitumia kwa pamoja. Nafasi ya diski huokolewa kwa njia hiyo. Lakini kimoja kikikosekana, vinavyokitegemea havifanyi kazi.

Sasa, dpkg ni fundi mwashi: hujenga kwa matofali yaliyo mbele yake, hatoki kwenda kununua saruji. Anayekwenda ni apt, saidia fundi anayeyajua maduka yote. Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ulikuwa na dpkg miaka kadhaa kabla apt haijaingia rasmi katika toleo la 2.1, mwaka 1999. Waliotumia Linux siku hizo nawapa pole.

Msichana akawasha intaneti ya simu, akaandika sudo apt update ili orodha za maduka ziwe mpya, kisha sudo apt --fix-broken install. Data ikashuka polepole, bando likapungua kwa kasi. Vifurushi vikaanza kufunguliwa. Pap! Umeme ukakatika.

Uliporudi, kompyuta iliwaka vizuri, ila apt ikagoma kabisa: dpkg ilikatizwa kazini. Akampigia kaka yake.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba mdogo wangu, michezo imekubali?”

“Haijakubali. Nifute lile folda la dpkg, nianze upya?”

“Usithubutu!”

Alikuwa na sababu ya kupaza sauti. Ndani ya /var/lib/dpkg mna faili liitwalo status, daftari la kila kifurushi: kipi kimefunguliwa tu, kipi kimeshasanidiwa. Hizo ni hatua mbili tofauti, na umeme ulikatika katikati yake. Daftari lilikumbuka mahali kazi iliposimama. Ukilifuta, kompyuta haijui tena ina nini.

“Andika sudo dpkg --configure -a,” kaka akasema. “Imalize viporo kwanza. Halafu rudia ile ya fix-broken. Ikikuuliza kama iendelee, soma vile inavyotaka kuviondoa. Ukiona humo ubuntu-desktop, kile kifurushi cha mazingira ya madirisha ya Ubuntu, bonyeza n, unipigie.”

Ushauri huo wa mwisho naupenda kuliko yote, maana apt ikikosa inachokitafuta huweza kupendekeza kung'oa kile ulichotaka kukiweka, na wengi hubonyeza y bila kusoma.

Orodha ya kuondolewa ilikuwa tupu. Msichana akabonyeza y, vilivyobaki vikaingia, kisha akaandika dpkg --audit. Haikujibu neno, na hapo kimya ni habari njema: hakuna kifurushi kilichoachwa nusu.

“Kaka, safari nyingine usitume faili moja,” akamwambia. “Huko kwenye kompyuta yenye toleo la Ubuntu kama letu, tumia apt-get install --download-only. Vifurushi vitakaa /var/cache/apt/archives, uvikopi vyote kwenye flashi. Ila vile ambavyo kompyuta yako tayari inavyo haitavipakua, kwa hiyo nitakutumia kwanza orodha ya vilivyomo humu.”

“Na bando ulilotumia?”

“Utalilipa wewe.”