Ahadi ya pauni 100 na mikopo ya kausha damu

Mwanafunzi wa sheria au wa biashara anapoanza somo la mikataba, karibu kila mara anakutanishwa kwanza na Bi. Louisa Carlill wa London. Mwaka 1891 homa ya mafua ilikuwa tishio Uingereza, na kampuni ya Carbolic Smoke Ball ikatangaza gazetini kwamba atakayevuta dawa yake mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kisha akapata mafua, atalipwa pauni 100. Tangazo likaongeza kuwa pauni 1,000 zimeshawekwa benki kwa ajili hiyo. Bi. Carlill akanunua, akatumia kama alivyoelekezwa, na Januari 1892 akaugua.

Kampuni ikakataa kulipa. Ilisema yale yalikuwa maneno ya kuvutia wateja tu, kwamba haikuwa imeafikiana na mtu yeyote, na kwamba mama huyo hakuwahi kuiarifu kuwa amekubali. Desemba 1892 Mahakama ya Rufani ilizitupa hoja zote. Pauni zilizowekwa benki ndizo zilizoiponza kampuni, maana zilionyesha kuwa ilikusudia ilichosema. Ofa inaweza kutolewa kwa umma mzima, na anayetimiza masharti yake amekubali kwa matendo. Adha ya kuvuta dawa kila siku ilitosha kuwa mchango wa upande wake.

Misingi hiyohiyo imo katika Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 10 kinataka ridhaa ya hiari, watu wenye sifa ya kuingia mkataba, kila upande kutoa kitu halali, na lengo lisilovunja sheria. Karatasi haimo katika orodha hiyo. Mwanafunzi aliyempa mwenye nyumba kodi ya chumba baada ya kuelewana kwa mdomo ana mkataba, ingawa hakuna aliyetia saini. Ardhi ina utaratibu wake, na mauziano yake lazima yaandikwe.

Ugumu wa makubaliano ya mdomo huja siku ya kuthibitisha. Mmoja anasema kodi ilikuwa ya miezi sita, mwingine anasema mitatu. Hapo ujumbe wa M-Pesa na maongezi ya WhatsApp vina thamani kubwa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imefungua njia ya kumbukumbu za aina hiyo kupokelewa kama ushahidi. Usifute ujumbe wa malipo.

Lakini sehemu ninayoona inastahili muda mrefu zaidi darasani ni ridhaa, na mfano wake hauhitaji kutafutwa London. Tunao mtaani: mikopo ya kausha damu. Mama mwenye genge anasaini fomu asiyosomewa, anaacha kadi ya benki kwa mkopeshaji, na akichelewa kidogo wanakuja kubeba friji na makochi. Kwa kawaida sheria humfunga aliyesaini, hata kama hakusoma. Shida ya fedha peke yake haimtoi mkatabani, na bei mbaya peke yake haibatilishi mkataba. Hata hivyo, ridhaa iliyopatikana kwa vitisho, udanganyifu au kutumia vibaya nguvu aliyonayo mtu juu ya mwenzake humpa aliyeonewa haki ya kuukataa mkataba, na mahakama inapopima kama alikubali kwa hiari inaweza kuangalia jinsi alichopewa kilivyokuwa kidogo kupita kiasi.

Kipo pia kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, ambacho wakopaji wengi hawajawahi kukisikia. Mkataba ukitaja faini atakayotozwa anayeuvunja, mahakama hailazimiki kuitoa yote. Itatoa fidia inayostahili, na kiasi kilichoandikwa ndicho kikomo chake.