Tangi la Samaki Kisii: Pima Maji Kabla ya Kununua Mashine

Anayetaka kuweka tangi la samaki wa mapambo sebuleni, awe mjini Kisii au Nyamira, mara nyingi hushauriwa anunue mashine ya RO, ile yenye msururu wa mitungi na utando mwembamba unaochuja hata chumvi zilizoyeyuka. Nyumba nyingi za huku haziihitaji. Chujio la tope, chujio la kaboni na pipa la kuhifadhia maji vinatosha.

Sababu ni mvua. Nyanda za juu za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mvua hiyo imeosha udongo na miamba kwa karne nyingi. Kwa hiyo maji ya chemchemi na mito ya hapa mara nyingi huwa laini, yaani yana kalsiamu na magnesiamu kidogo. Mkazi wa Nakuru mwenye kisima kirefu chenye floraidi nyingi ana sababu ya kununua RO. Mkazi wa Kisii akiinunua anaondoa hata yale madini machache aliyojaliwa, kisha anarudi dukani kununua mengine ya kuyarudishia.

Madini hayo, hasa kabonati zilizomo, ndiyo kinga ya samaki. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Bakteria wanaoishi kwenye changarawe na kwenye sifongo ya chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na kazi hiyo huzalisha asidi. Kabonati zilizomo majini ndizo huizima asidi hiyo: kila miligramu ya nitrojeni ya amonia hula takriban miligramu saba za kinga hiyo. Zikiisha, pH hushuka kwa ghafla, bakteria hulegea, amonia hurundikana, na asubuhi mwenye tangi hukuta samaki wamekufa akashuku kuwa wamelishwa sumu.

Pia kuna suala la msukumo wa maji, ambalo wauzaji huligusia kwa nadra. Utando wa RO unahitaji baa tatu au nne. Maji huongeza baa moja kwa kila mita kumi za kimo, kwa hiyo tangi lililo juu ya mnara wa mita tatu, kama yalivyo matangi mengi ya mitaani kwetu, linatoa sehemu tatu tu za kumi za baa. Ili ufike baa tatu bila pampu ungelipandisha juu ya jengo la ghorofa kumi. Ukiweka pampu, stima ikipotea hupati maji. Isitoshe, utendaji wa utando hupimwa kwa maji ya nyuzi 25, na maji ya huku ni baridi zaidi, kwa hiyo utapata kidogo kuliko kilichoandikwa kwenye boksi. Na kwa kila lita safi, mashine ya kawaida ya nyumbani humwaga lita tatu au nne. Mwenye tangi la lita 200 anayebadilisha robo ya maji kila wiki angemwaga lita 150 hadi 200 ili apate 50.

Wapo wachache ambao RO inawafaa. Mwenye kisima kifupi katika ploti iliyosongamana, karibu na vyoo vya shimo, apime nitrati kwanza. Kaboni haiziondoi, utando huziondoa.

Kwa maji ya mfereji, adui mkubwa ni klorini. Maji ya mjini Kisii hutoka Mto Kuja na kusafishwa Kegati, na klorini hubaki ndani yake kwa makusudi ili yafike bombani bila vijidudu. Kiasi hicho ni salama kwa binadamu, lakini kwa samaki klorini huunguza matamvua, na inatosha miligramu chache za mia kwa lita.

Ili kuiondoa, mwambie fundi aanze na valvu, kisha mtungi wa inchi 10 wenye chujio la tope la mikroni 5, halafu mtungi wa pili wenye kaboni iliyobanwa. Mtungi wa kwanza uwe wa plastiki angavu, kwa sababu msimu wa mvua ndefu utaona chujio jeupe likigeuka kuwa la rangi ya udongo wa shambani, na utajua wakati wa kulibadilisha bila kukisia. Aache nafasi ya kutosha chini ya mitungi ili iweze kufunguliwa, na aifunge mahali pasipopigwa na jua, la sivyo mwani utaota ndani. Msukumo mdogo wa tangi la mnara, ambao ni kikwazo kwa RO, hapa ni msaada: kaboni inahitaji maji yapite polepole, lita moja kwa dakika au chini ya hapo. Maji meusi ya mwanzo ni vumbi la kaboni; yamwage hadi yatoke meupe. Makaa ya jikoni hayawezi kushika nafasi ya kaboni hiyo, kwani hayakutengenezwa kwa namna inayoyapa vitundu vingi vidogo vinavyofanya kazi hiyo.

Maji yaingie kwenye pipa lenye pampu ndogo ya hewa na kipasha joto. Usiku wa Kisii ni baridi, na samaki wa kitropiki huugua wakimwagiwa maji yaliyotoka bombani moja kwa moja.

Maji ya mvua kutoka kwenye mabati yanahitaji uangalifu zaidi. Ni laini kupita kiasi, tena huyeyusha zinki ya mabati, na zinki ina sumu kali zaidi kwa samaki walio katika maji laini. Acha mvua ya kwanza ioshe paa. Kisha weka kwenye pipa mfuko wa wavu wenye makombe ya baharini yaliyosagwa, yale yanayouzwa madukani kwa wafugaji wa kuku, ili yaongeze kabonati taratibu.

Chagua pia samaki wanaopenda maji uliyonayo. Neoni wa Amazoni hustawi katika maji laini ya Gusii baada ya kuondolewa klorini. Samaki wa Ziwa Malawi hutaka maji magumu yenye pH ya takriban 8, na makombe yatahitajika kwa wingi. Kwa pambo, jiwe la sabuni la Tabaka halitabadilisha maji, mradi liwe halijapakwa rangi wala nta.

Mwisho, nunua vidonge vya DPD, vile vya kupimia klorini. Kinga maji yanayotoka kwenye mtungi wa kaboni, tia kidonge, na yakigeuka waridi, hata kwa mbali, kaboni imechoka, usiyatie tangini.