Tangawizi Ina Nguvu, Lakini Haitibu Nimonia

Kuanzia dele la kahawa chungu barazani Malindi hadi chai ya maziwa mjini Kilifi, tangawizi haikosi. Mtu akishikwa na mafua, ushauri wa kwanza ni huo: twanga tangawizi, kamulia ndimu, tia asali, unywe ingali moto. Ushauri huu si wa kubezwa. Swali ni je, nguvu ya tangawizi inafika wapi?

Ule ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, jinjeroli hupoteza maji na kugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana tangawizi kavu huwasha koo namna ile.

Katika maabara, maji makali yaliyokamuliwa na kukolezwa kutoka kwa tangawizi yamezuia bakteria kadhaa kukua, wakiwemo wale wanaoleta majipu. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Maabarani, kemikali ile humwagiwa bakteria moja kwa moja. Ukiinywa kwenye kikombe, huwa ni kidogo, na utumbo na ini huibadilisha upesi, hata inayobaki kwenye damu ni chache mno kuua bakteria walioko mapafuni.

Kwa hivyo tuitumie panapofaa. Hupunguza kichefuchefu, hasa cha mimba changa, na kinywaji chake cha moto hulainisha koo. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru.

Jambo kubwa ni nimonia, maradhi ambayo watafiti wa KEMRI-Wellcome, walioko Kilifi tangu 1989, wameyachunguza kwa miaka mingi. Mtoto anayekohoa, mwinue nguo utazame kifua, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11, zikifika 50 ni hatari. Wa mwaka 1 hadi 5, zikifika 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Tangawizi ya mama mzazi iacheni jikoni. Atainywa mkirudi.