Mashine ya Magurudumu na Umeme wa Nyumbani

Na Bwana Shamba

Umeme umefika katika vijiji vingi vya Tanzania. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo za umeme zimefika hata mahali ambapo zamani tulitumia koroboi.

Umeme haukuja vijijini kuwasha taa tu. Umeme husaga unga. Hupukuchua mahindi. Hukata majani ya ng'ombe. Mkulima anayeutumia vizuri hupunguza jasho lake.

Siku hizi ziko mashine zenye mota ya umeme na magurudumu ya mpira. Wakulima huzikokota kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mashine ikifika, huunganishwa na umeme wa nyumba ile. Ni jambo zuri. Lakini lina hatari, na hatari hiyo niliiona kwa macho yangu.

MASHINE INAYOWASHA MIKONO

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia, wakulima walichanga fedha. Wakanunua mashine ya kupukuchua mahindi. Mimi ndiye niliyewashauri. Kabla ya hapo walikuwa wakijaza mahindi katika magunia na kuyapiga kwa fimbo. Punje nyingi zilivunjika, na punje iliyovunjika huliwa upesi na wadudu.

Nyumba ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Mashine iliwekwa barazani juu ya saruji kavu. Watu walivaa viatu.

Nyumba ya pili mashine iliwekwa uani. Mzee mmoja aliigusa akaondoa mkono upesi.

"Bwana shamba, mashine hii inawasha mikono," aliniambia.

"Shikamoo mzee," nikamjibu huku nikicheka. "Labda ni vumbi la mahindi."

Watu wote walicheka. Kazi ikaendelea. Ndugu msomaji, kicheko kile najutia mpaka leo.

Siku ya tatu tulikwenda nyumba nyingine. Ua ulikuwa na vumbi, kwa hiyo ulimwagiwa maji. Kijana wa miaka 16 alikuwa pekupeku. Alishika bati la mashine ili aisogeze. Hakuweza kuiachia. Hakupiga hata kelele. Alitetemeka tu, macho yamemtoka.

Baba yake alitaka kumkimbilia amvute. Mama mwenye nyumba alipaza sauti, "Usimguse!" Akakimbia ndani akazima swichi kuu. Kijana akaanguka chini. Alikuwa anapumua. Tulimpeleka kituo cha afya, na alipona. Mkono wake ulibaki na kovu la kuungua.

Baadaye nilimwuliza yule mama alijuaje la kufanya. Alinijibu, "Fundi alipotuletea umeme nilimwambia anionyeshe pa kuuzimia. Nyumba ni yangu, lazima nijue."

FUNDI ALIONA NINI?

Tulimwita fundi umeme mwenye leseni. Aliifungua mashine. Alituonyesha makosa matatu.

Kosa la kwanza lilikuwa ndani ya mota. Mashine hutikisika inapofanya kazi. Waya mmoja ulikuwa umesuguliwa mpaka ganda lake likatoboka. Shaba ya waya ikagusa bati. Kwa hiyo bati lote la mashine lilikuwa na umeme.

Kosa la pili lilikuwa katika waya mrefu tuliotumia. Ulikuwa na nyuzi mbili tu ndani yake. Waya unaofaa una nyuzi tatu. Wa kwanza huleta umeme. Mafundi huuita waya wa moto. Wa pili huurudisha umeme. Wa tatu ni wa athi. Huo wa athi umefungwa katika bati la mashine, na mwisho wake unafika katika nondo iliyochimbiwa ardhini nje ya nyumba. Umeme ukivuja, hupita humo badala ya kupita katika mwili wa mtu.

Kosa la tatu lilikuwa kwenye soketi. Hatukuwa na plagi. Tulichomeka nyaya tupu, tukazikaza kwa njiti za kiberiti. Soketi zetu zina matundu matatu. Ili matundu mawili ya chini yafunguke, tulitia kijiti katika tundu la juu. Fundi alitikisa kichwa. "Tundu hili la juu ndilo la athi," alisema. "Ndilo la kuwaokoa, nanyi mmelitia kijiti."

KWA NINI MAGURUDUMU HUONGEZA HATARI?

Mpira haupitishi umeme. Mashine inayosimama juu ya magurudumu ya mpira haigusani na ardhi. Umeme ukivuja kwenye bati, hauna njia ya kutoka. Unabaki pale unangoja. Mtu akisimama chini na kuligusa bati, mwili wake unakuwa njia. Ardhi ikiwa kavu na mtu amevaa viatu, atasikia kuwashwa tu. Ardhi ikiwa na maji, anaweza kufa.

Kwa hiyo mashine inayowasha mikono inakupa onyo. Zima umeme mara moja. Usiitumie tena mpaka fundi aikague.

Jambo hili si la mashine za mahindi tu. Ni sawa kwa trela, kwa gari la huduma linaloegeshwa na kuunganishwa na umeme wa nyumba, na kwa kila chombo cha bati chenye magurudumu ya mpira.

Wenye mifugo wajihadhari zaidi. Ng'ombe hudhurika kwa umeme mdogo kuliko mtu. Mashine ya kukata majani isiunganishwe ikiwa imegusana na zizi la bati au la waya.

FYUZI PEKE YAKE HAITOSHI

Watu wengi husema, "Plagi yangu ina fyuzi, siogopi." Hilo ni kosa. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Lakini umeme unaoweza kumwua mtu ni mdogo sana. Hata sehemu 30 za ampea iliyogawanywa mara 1,000 ni hatari. Fyuzi haiwezi kuhisi umeme mdogo hivyo.

Kipo kifaa kingine kinachouhisi. Hufungwa karibu na swichi kuu. Umeme ukivuja, hukata wote kwa muda usiofika nusu sekunde. Utakitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Bonyeza kitufe hicho kila mwezi. Umeme ukikatika, kifaa ni kizima. Usipokatika, mwite fundi.

Waya wa athi na kifaa hiki husaidiana. Athi huuonyesha umeme njia ya kwenda ardhini, na kifaa huukata. Usiache hata kimoja. Wala usidhani kwamba kuchimbia nondo yako mwenyewe chini ya mashine kunatosha.

WAYA WA UNENE GANI?

Umeme wa nyumbani una nguvu ya volti 230. Mota ya nguvu za farasi 2 hutumia karibu ampea 10. Inapoanza kuzunguka, kwa muda mfupi huvuta mara 5 au zaidi.

Unene wa waya huandikwa kwenye ganda lake. Soma kabla ya kununua. Waya wa 0.75 unafaa kwa ampea 6 tu. Huo ni wa taa na redio. Waya wa 1.0 unafaa kwa ampea 10. Waya wa 1.5 unafaa kwa ampea 15. Kwa mashine yetu chukua wa 1.5.

Waya mrefu hupunguza nguvu ya umeme. Waya wa 1.5 wenye urefu wa meta 50 ukibeba ampea 10 hupoteza volti 12 njiani. Waya wa 0.75 hupoteza mara mbili ya hizo, nao hupata moto. Mota hunguruma bila nguvu, kisha huungua.

Kwa hiyo usivute waya mrefu kuifuata mashine shambani. Mashine ina magurudumu. Isogeze karibu na nyumba.

FUATA HATUA HIZI

1. Simamisha mashine mahali pakavu. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu.
2. Kagua waya wote kwa macho. Ukiona umechubuka, umeungwa, au umefungwa kwa nailoni, usiutumie.
3. Kunjua waya wote. Waya uliozungushwa hupata joto na unaweza kuungua.
4. Usipitishe waya njiani, majini, wala chini ya mlango. Usiache watoto na mifugo waukanyage.
5. Hakikisha swichi ya mashine imezimwa.
6. Unganisha waya kwenye mashine kwanza. Soketi ya nyumba iwe imezimwa.
7. Chomeka plagi ya pini tatu katika soketi. Kisha washa soketi. Mwisho washa mashine.
8. Kazi ikiisha, rudi kinyume. Zima mashine, zima soketi, chomoa plagi. Mwisho toa waya kwenye mashine.
9. Mashine ikikwama, chomoa plagi kwanza. Usitie mkono kwa kuiamini swichi ya mashine. Nyaya zikiwa zimepishana, mota husimama lakini umeme umo ndani bado.
10. Vaa viatu vikavu. Mvua ikianza, acha kazi.

Waya wenye plagi za kiume pande zote mbili usiutengeneze wala usiukubali. Ukiuchomeka upande mmoja, pini za upande wa pili zina umeme wazi. Na kazi ya kufunga soketi au athi mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe leseni. Si utovu wa adabu.

MTU AKINASWA NA UMEME

Usimguse. Utanaswa nawe. Zima swichi kuu. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Ikiwa ni waya wa nguzoni ulioanguka, kaa mbali kabisa na uwaite watu wa TANESCO.

Umeme ukishazimwa, angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali. Bonyeza katikati ya kifua chake kwa mikono miwili, kwa nguvu na upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Hata akiamka na kusema hajambo, mpeleke kwa mganga. Moyo unaweza kusumbua baadaye.

Mashine yetu bado inafanya kazi. Sasa ina waya wa nyuzi tatu na plagi yake. Kabla ya kwenda nyumba yoyote, fundi hupima athi ya nyumba ile. Yule kijana ndiye anayeitunza. Na yule mzee aliyesema inawasha mikono nilimwendea kumwomba radhi. Alinijibu, "Bwana shamba, siku nyingine mtu akisema anaumia, usicheke. Uliza."

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Swichi kuu ya nyumba yako iko wapi? Je, watu wote wa nyumbani wanajua kuizima?
2. Kwa nini mashine yenye magurudumu ya mpira inahitaji waya wa athi?
3. Waya wa mashine ya kijiji chenu una nyuzi ngapi? Ni wa unene gani?
4. Mota inayokula kilowati 2 ikifanya kazi kwa saa 3, itakula uniti ngapi za umeme? (Jibu: uniti 6.)