Klachi Mbili kwenye Mlima wa Olkaria

Gari lina P, R, N na D, halina pedali ya klachi, na mwenye nalo aliambiwa ni otomatiki. Basi analiendesha kama otomatiki. Jumapili jioni, magari yakirudi Nairobi kutoka Naivasha, yuko kwenye mpando wa Mai Mahiu nyuma ya trela. Anasogea mita mbili, anasimama, na badala ya kukanyaga breki analizuia gari lisirudi nyuma kwa kugusa ekseleta kidogo kidogo. Baada ya muda taa inawaka kwenye dashibodi: giaboksi imepata moto. Kesho yake fundi anaambiwa kwamba magari ya siku hizi ni bure kabisa.

Gari si bure. Honda Fit na Vezel za mseto zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, na Volkswagen Golf nyingi tunazoletewa zikiwa zimetumika, zina giaboksi ya gia za mkono. Ndiyo, za mkono: meno, shafti, pete za kusawazisha mwendo, kila kitu. Tofauti ni kwamba mkono wenyewe ni wa kompyuta, na klachi ni mbili. Otomatiki ya kawaida, kama ya Prado, ina konveta, yaani chombo kilichojaa mafuta kati ya injini na gia. Ukilizuia Prado mlimani kwa ekseleta, yanayosumbuka ni mafuta, nayo yanapoozwa. Ukilizuia Golf yenye klachi kavu kwa namna hiyo, kinachosuguana ni sahani, na sahani ikishalika haiponi. Hakuna dereva wa matatu aliyefunzwa vizuri ambaye angekaa dakika 20 mlimani akiwa ameachia klachi nusu. Mwenye Golf anafanya hivyo hivyo bila kujua, kwa sababu pedali haioni.

Olkaria, eneo la visima vya mvuke karibu na Naivasha, inazidisha taabu hiyo. Uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Injini isiyo na turbo inapungukiwa na nguvu, kwa hiyo klachi huteleza muda mrefu zaidi kabla gari halijashika mwendo. Ongeza abiria watano waliotoka kuoga kwenye bwawa la mvuke, kisha barabara inayopanda kati ya mabomba ya kampuni ya umeme ya KenGen, na foleni ya wikendi. Vezel ina mota ya umeme inayosaidia kuondoka, lakini betri ikishuka katika foleni ndefu, mzigo unarudi kwa klachi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe linalonifurahisha. Ndani ya giaboksi hii shafti mbili zimepitana, moja ikiwa na uwazi katikati na nyingine ikipita humo ndani. Klachi ya kwanza inashika shafti yenye gia za witiri: 1, 3, 5, na 7 ikiwepo. Klachi ya pili inashika zile za shufwa: 2, 4, 6. Ukiwa gia ya 3 unaongeza mwendo, gia ya 4 tayari imeshaingizwa kwenye shafti ya pili, inazunguka bure ikingoja. Wakati ukifika, klachi moja inaachia huku nyingine ikishika, na nguvu haikatiki magurudumuni. Ni kama matatu yenye makanga wawili, mmoja bado anafunga mlango, mwenzake keshakusanya abiria wa steji inayofuata. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza kushindana na hilo, na anayebisha aangalie saa, asiangalie moyo wake.

Lakini kompyuta inabashiri. Inatazama ekseleta, mwendo na breki, kisha inaamua kama utahitaji gia ya juu au ya chini, na inaiandaa hiyo. Ikibashiri vibaya ndipo utaona aibu yake. Uko kati ya Gilgil na Elmenteita, gia ya 4, umetulia nyuma ya lori la mchanga. Kompyuta imeandaa gia ya 5. Ghafla barabara inakuwa wazi, unakanyaga mpaka chini, unataka gia ya 2. Tatizo ni kwamba 4 na 2 zinakaa shafti moja. Haziwezi kupokezana. Lazima ama gari lipite gia ya 3 kwanza kwa klachi ya kwanza, ama liachie 4, litafute 2, kisha lishike upya. Unapata nafasi tupu ya muda mfupi, injini inanguruma na gari haliendi, na lori la upande wa pili linakuja. Dereva wa gia za mkono hupata nafasi tupu hiyo kila mara anapobadili gia, ila yeye anaijua na ameshaihesabu kabla hajatoka kwenye mstari wake. Hii ndiyo hoja pekee ya wapenzi wa gia za mkono ninayoikubali bila ubishi. Hayo mengine, kwamba gari lenye pedali tatu lina roho, niacheni nayo.

Watu hudhani ni uvumbuzi wa juzi. Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyewahi kuyasimamia magari ya mfalme wa Urusi Nicholas II, alibuni giaboksi ya klachi mbili mwaka 1939 akiwa na nia ya kuiweka kwenye Citroën. Haikufika sokoni. Jina lake tayari lilikuwa limepita Afrika Mashariki: magari ya Citroën yenye mikanda badala ya magurudumu ya nyuma, aliyoyabuni yeye, yalivuka Afrika kuanzia Oktoba 1924, na yalipofika Kampala msafara uligawanywa makundi manne, kundi moja likashuka Mombasa na jingine Dar es Salaam. Baadaye, katika miaka ya 1980, Porsche wakaifufua klachi mbili kwenye magari ya mashindano ya 956 na 962. Volkswagen wakaiuza kwa mwananchi kwenye Golf R32 mwaka 2003. Nissan GT-R ikafuata 2007, Porsche 911 mwaka 2008, na Mitsubishi Lancer Evolution X, gari linalopendwa sana na vijana wa rali wa hapa kwetu, likatolewa kwa aina zote mbili: gia 5 za mkono au klachi mbili za gia 6.

Hapo ndipo mashabiki wanaofurika Naivasha kila mwaka tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 wanachanganyikiwa. Wanadhani yale magari yanayopaa vumbini Hell's Gate, jirani kabisa na visima vya Olkaria, yana klachi mbili. Hayana. Kanuni za daraja la juu, Rally1, zilizoanza 2022, zinataka gia 5 za mfululizo, zinazobadilishwa kwa mkono kwa kuvuta au kusukuma mti mmoja. Hazina pete za kusawazisha mwendo. Meno makubwa yanagongana na kuingiana, ndiyo maana unasikia ule mlio wa kukata. Pedali ya klachi ipo, lakini ni ya kuondokea na ya kujiokoa. Giaboksi hiyo ni rahisi kufunguliwa na kufungwa upya na mafundi wanaohesabiwa dakika, jambo ambalo ya klachi mbili, yenye valvu na sensa zake, haikubali kirahisi.

Na hapa kwetu haikubali kabisa, kwa sababu tumeiacha yatima. Sheria yetu inaruhusu gari lenye umri usiozidi miaka minane, kwa hiyo linatua Mombasa muda wake wa dhamana ukiwa umeisha zamani. Kifaa kinachoharibika mara nyingi si gia wala shafti, ni kile kizimba cha valvu na kompyuta ambacho mafundi hukiita mekatroniki. Volkswagen wenyewe waliita yarudishwe karakana zaidi ya magari 380,000 huko China mwaka 2013 kwa matatizo ya giaboksi hizi. Sisi, mekatroniki ikizima, tunatupa giaboksi nzima na kununua nyingine iliyotumika, iliyochoka vilevile, au tunaliuza gari kwa mtu asiyejua. Nchi iliyochimba visima vya mvuke kilomita tatu kwenda chini Olkaria, ikachimba na vya majirani Ethiopia na Djibouti, haiwezi kusema kwamba kufungua kizimba cha valvu ni uchawi. Inakosekana mashine ya kupimia na mwalimu wa kuitumia. Mafuta pia: aina ile yenye klachi zinazooga mafuta, ya gia 6, inataka mafuta mapya na chujio kila kilomita 60,000, na wengi wetu tunakumbuka mafuta ya injini tu.

Kwingineko klachi mbili zimesambaa: lori dogo la Fuso Canter kuanzia 2010, pikipiki za Honda, ikiwemo Africa Twin, lori la Volvo FH, Ferrari, McLaren, Corvette ya 2020 isiyouzwa na pedali ya tatu hata ukiomba. Porsche nao waliitoa 911 GT3 mwaka 2013 bila gia za mkono, wateja wakanuna, na kufikia 2017 wakazirudisha. Toyota, walioshinda Safari kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025, walipotaka GR Yaris isiyo na pedali ya klachi mwaka 2024, hawakuchukua klachi mbili. Walichukua otomatiki ya konveta, ya gia 8.