Kazi Njema Katika Ofisi za Serikali

Wasomaji wetu wa Kawetele na pande zote za Rungwe waijua njia ya kwenda Mbeya. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake umepita uwezo wa hospitali ya Makandana hapa Tukuyu hupandishwa kwa Kiwira na Uyole mpaka Hospitali ya Rufaa. Katika hospitali hiyo, mwaka 2007, lilianzishwa jambo ambalo twaona vema kulieleza, maana lahusu kila mahali penye mtumishi wa Serikali, hata ofisi ya kijiji na shule ya msingi.

Jambo hilo laitwa 5S, na asili yake ni viwanda vya Japani. Mmarekani W. Edwards Deming, aliyekwenda kuwafundisha Wajapani mwaka 1950, alishika sana neno hili: kwamba makosa mengi ya kazi hayatoki katika uvivu wa mfanyakazi, bali katika jinsi kazi ilivyopangwa. Baadaye hospitali ya wanawake ya Castle Street, mjini Colombo katika nchi ya Sri Lanka, ikaitwaa desturi ile ya viwandani na kuitia katika kazi ya kutibu. Wizara yetu ya Afya ikajifunza huko, na kwa msaada wa Wajapani Mbeya ikawa hospitali ya kwanza ya Tanzania kuijaribu.

Maneno ya Kijapani ni matano, nayo kwa Kiswahili yamepewa herufi ile ile ya kwanza: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kusasambua ni kutenga vitu vyenye kazi na visivyo na kazi; kitanda kilichovunjika na mashine iliyokufa hutiwa alama nyekundu, kisha huondolewa. Kuseti ni kukipa kila kitu mahali pake, pameandikwa jina. Kusafisha hakuhitaji maelezo.

Mtu aweza kusema, haya ni mambo ya kitoto. Lakini na afikiri juu ya bohari ya dawa. Katika nchi ya mvua nyingi kama yetu, mama mwenye akili huweka kuni mbichi nyuma na kavu mbele, ili zilizo tayari zitumike kwanza. Vivyo hivyo dawa itakayokwisha muda mapema yapasa kukaa mbele. Ikikaa nyuma, huharibika pale pale rafuni, na mgonjwa huambiwa kwamba dawa hakuna. Au tuseme faili la mgonjwa halionekani. Daktari huanza kuuliza upya, vipimo hurudiwa, na mtu aliyeuza kuku kwa ajili ya nauli hurudi nyumbani hajatibiwa. Aliyepoteza faili lile huenda si mtu mbaya. Kabati lenyewe halina utaratibu.

Tena kuna neno kubwa kuliko kabati. Ni nani apangaye? Katika desturi hii mkubwa hatoi amri tu akaondoka. Wafanyakazi wa kila wodi, nesi, karani na mfagizi pamoja, hufanya kikundi chao, wakatazama tatizo lao wenyewe. Ikiwa wagonjwa wanangoja mno, wao huhesabu saa, hutafuta sababu, hujaribu dawa yake, kisha huhesabu tena. Hiyo ndiyo iitwayo Kaizen. Mfagizi aliyeulizwa shauri lake huitazama ile kazi kuwa yake, wala hangoji kusimamiwa.

Tuupime moyo huo na karatasi. Mwaka 2004 Serikali ilileta fomu ya OPRAS, ili kila mtumishi apatane na mkubwa wake juu ya kazi za mwaka mzima na kupimwa kwazo. Shauri lilikuwa jema, lakini wengi waliijaza siku za mwisho, kama mtu alipaye kodi kwa kuogopa askari. Katika mwaka wa fedha 2023/24 mahali pake pakashikwa na mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Kwa maoni yetu, kompyuta nayo haitaweza kuutia moyo ambao karatasi haikuutia, kama mkubwa na mdogo hawazungumzi.

Hatusemi kwamba 5S yatosha. Rafu nzuri haileti dawa isiyonunuliwa, wala haiongezi mshahara. Na neno la tano, Shikilia, ni gumu kuliko yote manne. Kiongozi mwenye bidii akihamishwa, vibandiko hubanduka, na vitu vibovu hurudi kimya kimya pembeni mwa chumba.

Mtendaji wa kijiji au mwalimu mkuu apendaye kujaribu hahitaji fedha. Na aanze na kabati moja, awaite wale walitumiao kila siku, awaulize ni kitu gani huwapotezea saa nyingi kukitafuta, na awaachie wao kuandika majina ya rafu.