Ngurumo Aliye Babu: Majina ya Viumbe katika Hadithi za Waseneka

Waseneka ni moja katika mataifa sita ya muungano wa Haudenosaunee, ambao Wazungu waliuita Iroquois. Nchi yao ya asili ni magharibi ya jimbo la New York, katika bonde la mto Genesee na kando ya maziwa yaliyo karibu nalo. Kwa sababu hiyo muungano uliwaita walinzi wa mlango wa magharibi. Hadithi zao ziliandikwa mapema. Lewis Henry Morgan, aliyefunzwa mengi na Mseneka Ely S. Parker, alichapisha kitabu chake mwaka 1851. Jeremiah Curtin alikusanya hadithi huko Cattaraugus mwaka 1883. Na Arthur C. Parker, mwenye asili ya Kiseneka, alitoa mkusanyo wake mwaka 1923. Shida ya mfasiri wa Kiswahili, basi, si uchache wa maandishi. Shida ni kupata jina la kuwaita viumbe waliomo.

Mfano ulio wazi ni Hinon, mwenye ngurumo. Katika kisa alichokiandika Morgan, msichana aliyelazimishwa kuposwa na mzee asiyependeza aliingia mtumbwini akajiachia maji yamchukue hadi maporomoko ya Niagara. Hinon, aliyekaa pangoni nyuma ya maporomoko pamoja na wasaidizi wake wawili, alimdaka katika blanketi akamponya. Huko msichana aliambiwa sababu ya watu wa kijiji chake kufa mwaka hata mwaka: joka lililokaa chini ya ardhi lilitia sumu katika maji yao, kisha likala maiti. Watu wakahama. Joka lilipowafuata, Hinon alilipiga kwa radi. Mzoga wake ukachukuliwa na mto, ukakwama ukingoni mwa maporomoko, na miamba ikabomoka kwa uzito wake ikapata umbo la kiatu cha farasi.

Kisa hiki kiliharibiwa mikononi mwa wageni. Ikasemwa kwamba kila mwaka Wahindi wa huko walimtupa msichana mzuri majini awe sadaka kwa mungu wa ngurumo, na watalii wa Niagara walisimuliwa hivyo hadi mwaka 1996, masimulizi hayo yalipoachwa kwa sababu ya malalamiko ya wenyeji wa asili. Sadaka ya namna hiyo Waseneka hawakuwa nayo. Lakini si ajabu kwamba uzushi ulishika: kiumbe akiisha kuitwa mungu, msikilizaji humtafutia madhabahu, na madhabahu hutaka damu. Mwokozi akageuzwa mlaji.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Neno mungu halifai, maana Waseneka humtaja Muumba, na Hinon ni miongoni mwa waliopewa kazi naye. Pepo humpanda mtu kichwani na hupungwa. Hinon hampandi mtu. Shetani ni tusi. Mzimu ni wa aliyekufa, naye Hinon hakufa. Jini yu karibu zaidi kwa tabia, kwa kuwa ni kiumbe mwenye akili na makao yake, ila neno hilo huja na elimu nzima ya Kiislamu ambayo haihusiani na Niagara.

Yafaa kusikiliza Waseneka wenyewe husemaje. Katika Ganonyok, hotuba ya shukrani inayofungua na kufunga mikutano yao, ambayo Wallace Chafe aliichapisha mwaka 1961 pamoja na ibada nyingine za shukrani, msemaji huanza na watu na ardhi, akapanda hatua kwa hatua hadi mbinguni. Wenye ngurumo huitwa babu zetu, jua kaka yetu mkubwa, mwezi bibi yetu. Hizi si tashbihi za mshairi. Ni mahali pa kila mmoja katika ukoo, na huonyesha heshima gani inadaiwa na msaada gani unatarajiwa. Kaka, kwa maana yake ya zamani ya ndugu mkubwa wa kiume, latosha bila kuongezwa kitu. Babu lataka hadhari kidogo, kwani wingi wake, mababu, humpeleka msomaji makaburini. Babu zetu Wangurumao ni afadhali.

Si wote walio jamaa. Genonsgwa, majitu yenye ngozi ya jiwe yanayokula watu, ni mazimwi hasa, na hakuna Mswahili atakayehitaji maelezo. (Kwa sauti, hata hivyo, mkopo wa kinyume ungeshindikana: Kiseneka karibu hakina kabisa m, b wala p, hivi kwamba zimwi na babu pia yangemtatiza msemaji wake.) Vijitu vidogo viitwavyo Jogah, ambavyo baadhi yao huamsha matunda yaive, ni heri kuachiwa jina lao.

Liko na jambo la majira. Hadithi husimuliwa wakati wa baridi, theluji ikiwa chini. Anayesimulia kiangazi huonywa kwamba nyoka watamwingilia kitandani na nyuki watamuuma midomo. Ganonyok husemwa mwaka mzima. Kwa hiyo zimwi la jiwe hungoja theluji, lakini babu wa ngurumo hutajwa hata mvua ya kiangazi inaponyesha.